Amazia wa Betheli na mabati ya mheshimiwa: Mkristo akae wapi mbele ya serikali?

Mweka Hazina (mwanzisha uzi)

Bwana asifiwe wapendwa, na salamu pia kwa wasio wa imani hii wanaopita hapa.

Uzi ni mrefu, mnivumilie. Kila uchaguzi unapokaribia swali hili huibuka makanisani: Mkristo ajiingize katika siasa au ajitenge nayo? Watu hugawanyika, mmoja anashika Warumi 13 ya kuitii mamlaka, mwingine anashika Danieli aliyemkatalia mfalme, na jioni kila mtu anarudi kwake na jibu alilokuja nalo. Mimi nimefika mahali naona tunauliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni hili: nani anatulisha? Kanisa linalokula kwenye sahani ya mtawala litahubiri nini siku mtawala akikosea?

Nianze na yangu mwenyewe, maana sitaki kuhukumu wengine nikiwa nimejificha.

Mwaka 2016 nilikuwa mweka hazina wa kanisa letu la Kianglikana, kijijini huku kaskazini mwa Bonde la Ufa. Kuta zilikuwa zimesimama miaka minne bila paa. Kamati ya ujenzi ikamwalika mwanasiasa mmoja, simtaji, awe mgeni wa heshima kwenye harambee. Alifika saa tano na magari saba. Kasisi alikuwa katikati ya mahubiri, akayakatiza. Mgeni akaketishwa mbele, kwenye viti tulivyokodisha mjini kwa ajili yake, na wazee wawili waliokuwa wamekaa safu hiyo wakaombwa wasogee nyuma. Akapewa kipaza sauti. Alizungumza dakika arubaini: barabara, stima, wapinzani wake, na umuhimu wa jamii yetu kutotawanya kura. Kisha bahasha.

Tuliihesabu vestri, kile chumba cha kasisi, tukiwa watatu, mlango umefungwa. Vifungu vinane vya noti za elfu moja, mia mia, bado vimefungwa karatasi ya benki. Shilingi laki nane. Nilikuwa sijawahi kushika pesa nyingi kiasi kile za kanisa, na mikono ilinitoka jasho.

Kuna jambo lingine la siku ile ambalo haliniachi. Kwetu asiye na pesa hutoa alicho nacho, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada pale nje: mayai, mkungu wa ndizi, debe la mahindi. Siku ile mama mmoja mjane alileta jogoo. Ibada ilipoisha watu wote walimfuata mheshimiwa kwenye magari, ambako vijana walikuwa wakigawiwa mia mbili mia mbili, na mnada haukufanyika. Nilipotoka vestri saa nane, jogoo bado yuko chini ya mkaratusi, kafungwa miguu, mdomo wazi kwa kiu. Hakuna aliyeandika sadaka ya yule mama. Daftari lilikuwa kwapani mwangu.

Paa lilipanda ndani ya miezi miwili. Ni paa imara, halivuji mpaka leo.

Mwaka 2018 kiwanja cha josho la ng'ombe kilicho jirani na kanisa kikazungushiwa ua. Josho lile ni la umma, wafugaji wa vijiji vitatu wamelitumia tangu nikiwa mtoto. Waliokuja na nguzo walisema wametumwa, na kijiji kizima kilijua wametumwa na nani. Waumini wakaja kwenye baraza la parokia wakaomba jambo dogo tu: kanisa liandike barua kuulizia hati ya kile kiwanja. Tulikaa mpaka giza likaingia. Mzee mmoja akasema, taratibu kabisa, "Lakini si ndiye aliyetuezekea?" Hakuna aliyemjibu. Tukafunga kwa sala tukaenda nyumbani. Barua haikuandikwa. Mimi nilikuwa pale mezani na kalamu mfukoni.

Tangu siku hiyo nimeisoma Amosi sura ya 7 nisivyoisoma zamani. Amosi ni mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, mtu wa Tekoa, amefika Betheli kusema yale Mungu aliyomtuma dhidi ya nyumba ya mfalme Yeroboamu wa pili. Aliyesimama kumfukuza hakuwa askari. Ni kuhani, anaitwa Amazia. Na sababu anayoitoa ni hii: "usitabiri tena katika Betheli, kwa maana ni mahali patakatifu pa mfalme." Jina Betheli maana yake ni nyumba ya Mungu, na kuhani wake mwenyewe anaiita ya mfalme! Na ukirudi 1 Wafalme 12 utaona Amazia hakuwa anasema uongo. Yeroboamu wa kwanza ndiye aliyejenga pale na kuweka makuhani aliowataka yeye. Mwenye kuezeka alikuwa mfalme, kwa hiyo mwenye kuamua nani ahubiri akawa mfalme.

Naomba mchango wenu. Wanaonipinga waje na maandiko.

---

Sauti Nyikani

Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Ushuhuda wako umenigusa, lakini dawa unayoielekea siikubali. Hayo yaliwapata kwa sababu mligusa siasa, basi. Bwana wetu alimwambia Pilato, "Ufalme wangu sio wa ulimwengu huu." Hakuandamana, hakuandika barua kwa Herode. Paulo anasema kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu, na kwa Timotheo anatuagiza tuombe kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, tuishi maisha ya utulivu na amani. Sisi ni wapitaji. Kazi yetu ni injili na magoti. Ukianza kuandika barua za josho, kesho utaandika za bajeti, keshokutwa utakuwa na chama.

---

Mweka Hazina

Ndugu yangu Sauti Nyikani, magoti sina ugomvi nayo, na 1 Timotheo 2 tunaisali kila Jumapili kwenye maombezi, tukimtaja rais kwa cheo chake. Ila tusome Warumi 13 mpaka mwisho wake.

Paulo aliandika waraka ule Nero akiwa mfalme Roma, kwa hiyo hakuwa mtu wa kudanganyika kuhusu watawala. Katika mstari wa 4 anamwita mtawala "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema." Neno la Kiyunani analotumia hapo, diakonos, ni lile lile analowaitia mashemasi katika Wafilipi 1:1. Shemasi wa kanisa letu akifungia sadaka nyumbani kwake, hatusemi "tumtii tu, amewekwa na Mungu." Tunamwita kikaoni tunamuuliza, kwa heshima, kwa sababu amewekwa na Mungu. Mtu akishaitwa mtumishi, kuna Bwana aliyemtuma na kuna kazi aliyotumwa. Na Paulo huyu huyu, alipopigwa fimbo Filipi bila kuhukumiwa na asubuhi wakataka kumtoa gerezani kimyakimya, alikataa kuondoka. Aliwaambia waje wenyewe wamtoe, yeye ni Mrumi (Matendo 16). Hiyo ni barua ya josho kabisa.

Halafu hapa Kenya tuna historia ambayo vijana wengi hawakuambiwa. Mwaka 1986 ilipotangazwa kwamba kura za mchujo zitapigwa kwa kupanga mlolongo nyuma ya mgombea au picha yake, wachungaji waliokutana chini ya NCCK, baraza la kitaifa la makanisa, walipinga. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya kichungaji: kasisi akisimama nyuma ya mtu mmoja mbele ya kijiji kizima, Jumapili atawalishaje meza ya Bwana wale waliosimama nyuma ya mwingine? Hawakusikilizwa. Mlolongo ukafanyika 1988, na wenye umri wangu tuliona kwa macho mistari mirefu ikitangazwa imeshindwa na mifupi. Ilichukua muda, lakini njia ile ikaondolewa.

Askofu David Gitari alihubiri juu ya hayo wazi, na usiku wa Aprili 21, 1989 genge likavamia nyumba yake Kirinyaga. Aliponea kwenye paa, huku akiita majirani. Mchungaji Timothy Njoya alihubiri siku ya mwaka mpya 1990 kanisani St. Andrew's Nairobi, akauliza kama yaliyokuwa yakiwapata watawala wa Ulaya Mashariki hayana somo kwetu. Mwaka 1992 mama wa wafungwa wa kisiasa walipopigwa na polisi pale Uhuru Park, walikimbilia kanisa kuu la All Saints, wakakaa mle chini karibu mwaka mzima mpaka wana wao karibu wote wakaachiliwa.

Na wetu wa huku, Askofu Alexander Muge wa Eldoret, aliyekuwa askari wa GSU, kikosi maalum cha polisi, kabla ya kuwa kasisi. Agosti 1990 waziri wa leba, Peter Okondo, alimwonya hadharani asikanyage Busia, kwamba ataona moto na huenda asitoke hai. Muge akaenda Busia Agosti 14, akahubiri. Akiwa njiani kurudi, gari lake likagongana na lori Kipkaren, akafa. Waziri akajiuzulu. Nilikuwa kijana wa kwaya wakati huo, na nakumbuka kengele ya kanisa ilivyopigwa bila mpangilio, kana kwamba aliyeshika kamba hajui amalizie wapi.

Swali ninalojiuliza: kama Okondo angekuwa ndiye aliyelipia mabati ya Muge, Muge angefika Busia?

---

Mjenzi wa Hekalu

Mnaongea kama watu ambao kanisa lao lina paa. Mimi ni mchungaji wa kanisa dogo la kipentekoste, waumini themanini, wengi vibarua wa mashamba ya miwa. Fungu la kumi la mwezi mzima halifiki shilingi elfu kumi na tano. Mvua ikinyesha tunahama na viti. Mwanasiasa akija na mabati, nimfukuze? Niwaambie akina mama waendelee kunyeshewa ili mimi nionekane nabii?

Na Biblia iko wazi. Koreshi mfalme wa Uajemi alikuwa mpagani, na Mungu alimtumia kujenga hekalu. Dario, mfalme wa baadaye, akaongeza, gharama zilipwe kutoka mali ya mfalme (Ezra 6). Pesa ni ya Bwana, haina kabila wala chama. Tatizo ni moyo wa mchungaji, pesa haina kosa.

---

Mweka Hazina

Mchungaji, huu ndio mchango mzito kuliko wote hapa na sitaki kuujibu haraka. Nililala nao.

Kwanza, umesema kweli kuhusu mvua. Mimi nina paa juu ya kichwa changu Jumapili ninapokuambia haya, na paa lenyewe unajua lilikotoka.

Koreshi nimemtafakari. Alitoa amri iliyoandikwa, na Ezra 6 inasema wazi kwamba miaka mingi baadaye walipotafuta waliikuta gombo lake nyumba ya kumbukumbu huko Akmetha. Yaani ile ilikuwa hazina ya dola, kwa amri iliyoandikwa, mtu yeyote angeweza kwenda kuisoma. Koreshi hakuja Yerusalemu kukaa mbele ya madhabahu na kupewa kipaza sauti. Hakuhitaji kura ya Zerubabeli, kiongozi wa Wayahudi. Serikali yetu ikitaka kujenga shule, zahanati au hata ukumbi kijijini kwa fedha za bajeti, ipitie bungeni na ihesabiwe na mkaguzi, hiyo ni kodi yetu inarudi, na wanufaike wote, Wakristo na Waislamu na wasiosali. Bahasha ya kaki ni kitu kingine. Haina kumbukumbu Akmetha. Umejiuliza mtu mwenye mshahara unaojulikana hupata wapi milioni za kugawa kila wikendi? Mimi sikuuliza mwaka 2016, na nilikuwa mweka hazina.

Sasa endelea mbele kidogo katika kitabu hicho hicho. Ezra 8:22. Ezra anasafiri na dhahabu na fedha ya hekalu, njia ina wanyang'anyi, na mfalme angempa askari kama angeomba. Anasema, "naliona haya kumwomba mfalme kikosi cha askari." Kwa nini haya? Kwa sababu walikuwa wameshamwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu wao uko juu ya wote wamtafutao. Aliona neno lake litavunjika. Kwa hiyo mtu mmoja, kitabu kimoja, anapokea fedha ya mfalme iliyoandikwa na anakataa ulinzi ambao ungemfunga mdomo. Alijua kutofautisha.

Na Abramu kabla yake. Mfalme wa Sodoma anamwambia chukua mali, naye anajibu hatatwaa "uzi wala gidamu ya kiatu", asije yule akasema, "Nimemtajirisha Abramu" (Mwanzo 14). Gidamu ya kiatu, mchungaji! Si kwamba Abramu hakupokea cha mtu. Mkate na divai vya Melkizedeki alivipokea siku hiyo hiyo. Aliangalia mkono unaotoa utakuja kudai nini.

Umesema tatizo ni moyo. Kutoka 23:8 inasema rushwa huwapofusha macho hao waonao. Haisemi wenye moyo mbaya. Waonao.

---

Kinondoni Huru

Mkuu Mweka Hazina, uzi umetulia sana. Niongeze kutoka huku Bongo. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku, na mwaka 1970 alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini na wanyonge, litakuwa halina maana kwa mwanadamu. Huyo ni rais aliye madarakani anawaambia watu wa Kanisa wasikae kimya! Halafu leo kiongozi wa dini akitoa waraka kuhusu katiba au rasilimali, anaambiwa avue joho aingie ulingoni. Tunapishana na Mwalimu huku tunamwimba.

Swali langu: padri au mchungaji agombee ubunge?

---

Mweka Hazina

Kwa maoni yangu, akitaka kugombea aache kwanza uongozi wa kanisa. Wakatoliki wameliweka hilo kwenye sheria yao ya kanisa, mapadri hawashiki ofisi za utawala wa serikali. Kwetu wapo waliofanya, Mchungaji Mutava Musyimi aliongoza NCCK miaka mingi kisha akawa mbunge wa Gachoka mwaka 2007. Simlaumu mtu. Ila kondoo wa chama kingine watakula mkono upi?

---

Mama Tumaini

Shalom wapendwa. Mimi nina swali la nyumbani. Mume wangu ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Watu wa wadi wamemwomba asimame uwakilishi wadi. Tangu habari zienee, kuna wenzetu kanisani hawatusalimii kama zamani. Mmoja aliniambia usoni, "Mama, mume wako anakwenda kupotea." Tunasali kila usiku na hatuna amani. Je, ni dhambi?

---

Mweka Hazina

Dada yangu, si dhambi, na pole kwa hayo mnayopitia.

Mkae pamoja wewe na mzee msome Nehemia 5 kuanzia mstari wa 14. Nehemia alikuwa liwali wa Yuda miaka 12, na anasema hakula mkate wa liwali muda wote huo, ingawa ulikuwa haki yake, kwa sababu utumwa ulikuwa mzito juu ya watu. Waliomtangulia walikula, na watumishi wao wakawaonea watu. Anasema, "lakini mimi sikufanya hivi, kwa ajili ya kumcha Mungu." Mwulize mumeo maswali mawili tu kabla ya kuchukua fomu. Pesa za kampeni zitatoka kwa nani, na huyo atataka nini? Na je, yuko tayari kushindwa kuliko kugawa mia mbili mia mbili? Kama majibu yanampa usingizi, mpe baraka zako aende. Na akishinda, aje kanisani akae pale pale alipokuwa anakaa zamani.

---

Kizazi cha Juni

Nimesoma yote. Mimi nina miaka 24, nimekulia kanisani, Jumapili ya watoto mpaka kipaimara. Juni 2024 tulipokuwa barabarani kuhusu Mswada wa Fedha, nilimpigia simu mchungaji wa vijana kumwomba atuombee. Aliniambia nisome Warumi 13. Tarehe 25 rafiki yangu alipigwa risasi ya mguu. Jumapili iliyofuata nikaenda ibadani nikamkuta mgeni rasmi mbele amevaa koti, anapigiwa makofi. Nilitoka wakati wa matangazo. Sijarudi. Sijaacha kuamini. Nimeacha kuketi pale.

---

Mweka Hazina

Mwanangu, sina maandiko ya kukujibu. Nakuomba radhi kama mzee wa kanisa. Rafiki yako anatembea sasa?

Naandika kidogo tu kwa faida ya wengine. Ninyi vijana ndio mliosema kwa sauti kwamba madhabahu si jukwaa. Askofu Mkuu Ole Sapit alikuwa ameshawakataza wanasiasa mimbari za Kianglikana Septemba 2021 pale Butere, mbele yao wenyewe, lakini huku mashinani wengi wetu tulipiga makofi kisha tukaendelea kama zamani. Baada ya Juni ile serikali yenyewe ilitangaza Julai 2024 kuwazuia maafisa wa serikali kuchanga kwenye harambee. Novemba mwaka huo maaskofu Wakatoliki wakatoa taarifa kali kuhusu uongo wa viongozi na utekaji wa watu. Siku tatu baadaye, Jumapili ya tarehe 17, Rais Ruto alikuwa kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, Nairobi, akatoa laki sita kwa kwaya na baraza la parokia na milioni mbili za nyumba ya mapadri, na ahadi ya milioni tatu nyingine na basi. Tarehe 18 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akaagiza zirudishwe zote. Zote! Nilisoma habari ile nikiwa kwenye bodaboda nikamwomba kijana asimame kando ya barabara niisome tena.

Mchungaji Mjenzi, najua unafikiria mapadri wale na nyumba yao isiyokwisha. Hata mimi nawafikiria.

---

Mwana wa Kivu

Jambo ndugu zetu wa Kenya. Mimi ni mtu wa Bukavu. Mnasema juu ya mabati, sisi tuliona mwisho wa barabara hiyo. Huko Rwanda, Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala MRND. Askofu ndani ya kamati kuu ya chama. Wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 ulipofika, watu walikimbilia kanisani kama walivyozoea, na waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata, Nyange. Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa makosa hayo mwaka 2017.

Lakini kwetu Bukavu tulikuwa na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Wakimbizi walipofika aliwatetea, vita ilipokuja alisema ukweli kwa wote wenye bunduki, wa upande huu na wa upande ule. Tarehe 29 Oktoba 1996 wakamuua mjini. Mama yangu alikuwa anamwita tu "Baba". Hakuwa na chama.

---

Sauti Nyikani

Nimerudi. Mwana wa Kivu amenifanya ninyamaze kidogo. Bado naogopa kanisa kugeuka chama. Lakini ya Kigali sikuyajua hivyo. Mweka Hazina, unasema nini kuhusu kabila? Maana mnasema pesa, lakini mimi naona hata kanisa lisilopokea senti linaweza kuwa mali ya mfalme kwa damu.

---

Mweka Hazina

Umesema neno ambalo sikuliweka kwenye uzi, na ni kweli. Mimi ni wa huku. Januari 1, 2008, katika ghasia za kikabila za baada ya uchaguzi, kanisa la KAG (Kenya Assemblies of God) Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa na wanawake na watoto waliokuwa wamekimbilia ndani. Waliochoma na waliochomwa walijua nyimbo zile zile. Mwezi uliofuata NCCK ikakiri mbele ya nchi kwamba viongozi wa makanisa waliegemea upande, wakashindwa kuwa sauti moja. Sisi hatukuhitaji bahasha mwaka ule. Tulikuwa tumeshampa mfalme wetu wa nyumbani Betheli bure.

Kwa hiyo nasahihisha swali langu la kwanza. Nani anatulisha, na nani tunamwita "wetu" kabla ya kuangalia alichofanya.

---

Mjenzi wa Hekalu

Gidamu ya kiatu imenikaa. Siwezi kuahidi kitu leo. Mtuombee, wiki hii mvua ni nyingi.

---

Mweka Hazina

Mchungaji, nimekutumia ujumbe faraghani kuhusu mabati yetu ya zamani ya nyumba ya kasisi. Ni ishirini na tatu, baadhi yana matundu ya misumari, lakini yataziba. Yanatoka kwa waumini, hakuna atakayekuja kuomba kipaza sauti.

Na kwa wote mlioniuliza kama mambo yamebadilika kwetu. Mwaka huu baraza letu limepitisha kwamba mgeni yeyote, awe na cheo kipi, atakaa palipo na nafasi, atatoa kwenye kapu kama wengine, na kiasi hakitangazwi. Ilichukua vikao vitatu na mzee mmoja amehama kanisa kwa hasira. Jumapili ya kwanza ya utaratibu huo alikuja mtu mkubwa na msafara wake. Mama wa zamu mlangoni, mikono ikimtetemeka, alimwonyesha nafasi safu ya sita. Alikaa. Mahubiri yakaenda mpaka mwisho. Baada ya ibada tukapiga mnada: trei mbili za mayai, maboga, na kuku watatu, kila kimoja na jina la mtoaji daftarini.

Yule mama wa jogoo bado yuko, anatembea kwa fimbo. Nilikwenda kwake nikamweleza ya mwaka 2016. Alikuwa hakumbuki jogoo. Alikumbuka josho, maana ng'ombe wake wawili walikufa kwa kupe baada ya lile ua.

Barua tumeiandika Jumatatu iliyopita, kurasa mbili, tukiulizia hati ya kiwanja na nani aliidhinisha ua. Nimetia sahihi wa kwanza, kasisi wa pili, na wafugaji arubaini na moja chini yetu, wawili kwa dole gumba. Nimeipeleka afisi ya ardhi mwenyewe. Nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa, iko hapa mezani ninapoandika. Majibu bado.